Mashine Tulinunua, Je, Matunzo? Historia Fupi ya Viwanda vya Nyanda za Juu Kusini

Ukitaka kuanzisha ubishi usioisha, keti kijiweni popote Mbeya au Mafinga halafu uulize: viwanda vyetu viliuawa na nani? Atatokea wa kusema Mwalimu na sera zake. Wa pili atataja Benki ya Dunia na masharti yake. Wa tatu atasema ubinafsishaji, na wa nne, huyu hakosekani, atasema tatizo ni uvivu wetu sisi wenyewe. Chai itapoa, kila mtu ataondoka na jibu alilokuja nalo.

Mimi ni wa kizazi kilichozaliwa viwanda vikiwa vimeshauzwa. Sikuona king'ora kikilia watu wakaingia zamu. Nilichokuta ni habari za viwanda kufufuliwa, na kama mwandishi wa gazeti nimeshaandika kadhaa. Sasa leo, ndugu msomaji, naomba tuache kidogo siasa za juu tushuke karakanani. Nadhani kuna mtuhumiwa mmoja ambaye vijiweni hatajwi: matunzo. Namaanisha grisi, beringi, spea, na yule fundi anayejua mlio wa mashine ikiwa nzima na mlio wake ikianza kuumwa.

TUANZE NA RELI

Najua TAZARA si kiwanda. Lakini huwezi kuandika historia ya ufundi wa mikoa hii ukairuka, maana kwa maelfu ya vijana wa Iringa na Mbeya hiyo ndiyo iliyowashikisha spana kwa mara ya kwanza.

Kwa kumbukumbu tu: ujenzi ulizinduliwa rasmi Oktoba 1970, reli ikakabidhiwa Julai 1976. Ni kilometa 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi, Zambia, kwa mkopo wa China usio na riba wa yuan milioni 988. Kipande kigumu kuliko vyote ni kile kinachopanda kutoka Mlimba hadi Makambako, ambayo siku hizo ilikuwa mkoa wa Iringa (Njombe imekuwa mkoa mwaka 2012). Hapo ndipo penye mahandaki mengi, madaraja marefu na udongo unaoporomoka kila masika.

Wachina walikuwa na namna yao ya kufundisha. Lugha haikuwepo. Mchina hajui Kiswahili, Mbena hajui Kichina. Kwa hiyo mafunzo yalikuwa ya mikono: nitazame, fanya, nikuone, rudia. Mtaalamu alivaa ovaroli kama kibarua na kushika sururu kama kibarua. Ukiacha hao waliofundishwa njiani, takriban vijana 200 wa Tanzania na Zambia walipelekwa Beijing mwaka 1972 kusoma mambo ya reli, wakarudi 1975 reli ikikaribia kumalizika. Mpika, upande wa Zambia, kikawekwa chuo cha mafunzo. Kongolo, mkoani Mbeya, likaachwa machimbo ya kokoto za kutandika chini ya reli.

Ila kitu ninachokipenda zaidi katika hadithi nzima kiko Mang'ula, kule Kilombero. Wakati wa ujenzi Wachina waliweka hapo karakana kubwa ya kutengeneza vifaa vya kazi. Kazi ilipoisha karakana ikabaki, ikageuzwa kampuni ya umma ya kutengeneza zana na vipuri. Fikiria maana yake. Nchi yenye reli mpya ilikuwa na mahali pa kuchongea chuma palepale njiani.

Sasa upande wa pili wa shilingi. Injini za kwanza zilikuwa za dizeli na haidroli, zimetengenezwa China, na mlima wa Mlimba–Makambako ukazielemea. Baada ya makabidhiano wataalamu wa China walipunguzwa haraka, na matatizo yakaanza kurundikana: injini zimelala, mabehewa hayarudi. Mwaka 1983 zikaletwa injini 14 za dizeli na umeme kutoka Ujerumani Magharibi, za kampuni ya Krupp. Mwaka huo huo wataalamu wa China nao wakarudishwa kusaidia uendeshaji.

Hebu jiweke katika nafasi ya fundi wa karakana. Umefundishwa injini ya haidroli miaka yote, umeizoea kama mkeo alivyokuzoea. Ghafla inaletwa injini nyingine kabisa, yenye mota za umeme kwenye magurudumu, vitabu vyake vina lugha nyingine, spea zake zinatoka bara jingine. Stoo moja sasa inatakiwa kuwa stoo mbili. Mafundi wa aina moja wanatakiwa kuwa wa aina mbili. Mfadhili akileta mashine mpya huwa tunapiga makofi, ni mara chache tunauliza nani atafundishwa upya na kwa muda gani.

Mwaka 1977/78 reli hii ilibeba zaidi ya tani milioni 1.2 za mizigo. Mwaka wa fedha 2014/15 ilibeba takriban tani 88,000. Simwambii mtu kwamba tofauti yote hiyo ni uchakavu. Ubaguzi wa rangi ulipokufa kule Afrika Kusini, njia za kusini zilifunguka na shaba ya Zambia ikapata milango mingine. Barabara nazo zikatengenezwa, malori yakaingia. Lakini mteja haondoki tu kwa sababu kuna mlango mwingine. Anaondoka upesi zaidi kama treni yako imekwama Makambako siku tatu.

TANURI LISILOPENDA KUZIMWA

Tuje Songwe, nje kidogo ya jiji la Mbeya, kwenye kiwanda cha saruji. Hiki kilijengwa kwa msaada wa Denmark na kuanza kazi mwanzoni mwa miaka ya 1980, kikiwa na uwezo wa tani 250,000 kwa mwaka.

Moyo wa kiwanda cha saruji ni tanuri. Ni bomba refu la chuma lililolazwa kwa mteremko kidogo, ndani limejengwa kwa matofali ya kuhimili moto, na linazunguka polepole usiku na mchana. Mawe ya chokaa yaliyosagwa yanaingia upande wa juu, moto unapuliziwa upande wa chini, na humo ndani mawe yanafikia joto la karibu nyuzi 1,450.

Tanuri hili lina tabia moja ambayo kila fundi wa saruji anaijua: halipendi kuzimwa. Likipoa ghafla matofali yanapasuka. Likisimama bila kuzunguka wakati bado lina moto, chuma chenyewe kinapinda kwa uzito wake. Ndiyo maana kunatakiwa kuwe na mota ya akiba ya kulizungusha umeme ukikatika. Na hiyo mota ya akiba, ambayo kwa mwaka mzima inaweza isitumike, ndiyo ambayo mhasibu anaiona kama matumizi yasiyo ya lazima!

Kwa hiyo kila mara mafuta yanapokosekana, kila mara umeme unapokatika, hupotezi saruji ya siku hiyo tu. Unakula uhai wa tanuri. Na matofali yake hayachomwi Mbalizi, yanaagizwa nje kwa fedha za kigeni.

Mwaka 1988 ukafunguliwa mgodi wa makaa ya mawe wa Kiwira, kwa msaada wa China, uwezo wake tani 150,000 kwa mwaka. Wateja wake wakubwa walikuwa hao hao majirani: saruji ya Songwe na karatasi ya Mgololo. Kwenye karatasi za mipango inapendeza sana, kiwanda kinamlisha mwenzake. Lakini mnyororo una tabia yake. Mkanda wa kubebea makaa ukikatika Kiwira, anayelala njaa yuko Songwe. Saruji isipouzwa, anayekosa kulipwa yuko Kiwira. Ukiunganisha viwanda vitatu vyenye karakana dhaifu, unapata udhaifu mara tatu.

Yaliyofuata mengi wetu tunayafahamu. Saruji ya Mbeya ilibinafsishwa, ikapita mikononi mwa Wafaransa wa Lafarge, na mwaka 2023 hisa nyingi zikanunuliwa na kampuni ya Kitanzania, Amsons. Kiwira iliuzwa mwaka 2005 kwa kampuni ya TanPower Resources, ikazua kelele nyingi bungeni na magazetini, kisha ikarudi serikalini chini ya STAMICO. Saruji bado inatoka Songwe. Tanuri lilipata mtu wa kulitunza.

MGOLOLO, KARATASI YA BEI MBAYA

Kama kuna mahali ambapo hoja yangu inasimama au inaanguka, ni Mgololo, wilayani Mufindi.

Ukipita Mafinga utayaona malori ya magogo yamejipanga. Misonobari ile ya Sao Hill ilianza kupandwa kwa majaribio miaka ya 1930 mwishoni, ikaongezwa kwa kasi miaka ya 1960 na 1970, na sehemu kubwa ilipandwa ikiwa na kazi maalumu: kulisha kiwanda cha karatasi. Kiwanda chenyewe, Southern Paper Mills, kilijengwa kwa fedha za Benki ya Dunia, Uswidi, Ujerumani Magharibi, Kuwait na wengineo. Gharama yake ilizidi dola milioni 200. Kilianza uzalishaji mwaka 1985 kikiwa na uwezo wa tani 60,000 za karatasi kwa mwaka, kiasi ambacho kilizidi mahitaji ya nchi wakati huo.

Angalia kilichotakiwa kutunzwa. Magogo yanakatwakatwa vipande vidogo, yanapikwa kwa madawa makali mpaka yanakuwa uji. Maji meusi yanayobaki hayamwagwi, yanachomwa kwenye boila maalumu ili kurudisha yale madawa na kupata mvuke. Boila hii si ya mchezo: bomba moja la maji likivuja juu ya madawa yaliyoyeyuka chini, inalipuka. Ule uji nao unatandazwa juu ya wavu unaokimbia, unakamuliwa, unakaushwa kwenye mitungi mikubwa yenye mvuke. Beringi moja ya mtungi mmoja ikifa, mashine yote inasimama, na nyuma yake uji unarundikana.

Mashine ya namna hii haitengenezwi ikiharibika. Hutunzwa ili isiharibike. Hizo ni fikra mbili tofauti kabisa, na hapa ndipo penye kiini cha makala hii. Fundi wa kwanza ni hodari wa kuzima moto. Wa pili anatembea na daftari, anagusa mota kwa kiganja kupima joto, anabadilisha beringi ambayo bado inazunguka kwa sababu saa zake zimefika. Wa kwanza tunamsifia. Wa pili tunamwona anapoteza spea nzima.

Mradi ulikuja na wataalamu wa kigeni na fungu la mafunzo. Lakini kiwanda kilizaliwa katika saa mbaya kuliko zote. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika 1977. Vita vya Kagera vya 1978 na 1979 vilikula akiba. Mafuta yakapanda bei 1979, bei ya kahawa ikaanguka. Katikati ya miaka ya 1980 viwanda vingi nchini vilikuwa vinafanya kazi chini ya theluthi moja ya uwezo wake. Mwaka 1986 tukasaini na Shirika la Fedha la Kimataifa, shilingi ikaporomoshwa thamani. Mkopo wa Mgololo ulikuwa wa dola, spea zake za dola, lakini karatasi iliuzwa kwa shilingi. Kila shilingi iliposhuka, deni lilipanda na beringi ikawa ghali zaidi, hata kama hakuna mtu aliyekosea kitu pale kiwandani.

Kwa hiyo nakubaliana na wale wa kijiweni kwa sehemu. Huwezi kumlaumu fundi wa Mgololo kwa kushuka kwa shilingi. Fundi aliyesomeshwa vizuri lakini hana spea anajifunza kitu kimoja tu kwa ufasaha: kung'oa kifaa kwenye mashine hii iliyokufa akifunge kwenye ile inayokaribia kufa. Ni ufundi mkubwa huo, msiudharau. Lakini ni ufundi wa kuchelewesha mazishi.

Miaka ya 1990 mambo yakawa ya kuwaka na kuzima, mwishowe kikazima kabisa. Mwaka 2004 kikauzwa kwa kundi la makampuni la Rai kutoka Kenya, kwa bei iliyoripotiwa kuwa dola milioni 1. Rudia hesabu hiyo polepole. Zaidi ya milioni 200 kujenga, milioni 1 kuuza. Watu wengi huitazama bei hiyo kama ushahidi wa wizi. Mimi naitazama pia kama bei ya matunzo yaliyokosekana. Mashine iliyokaa miaka bila kugeuzwa huelekea kuwa chuma chakavu, na chuma chakavu huuzwa kwa kilo. Leo kiwanda kinaitwa Mufindi Paper Mills na kinazalisha, zaidi ikiwa karatasi ngumu za kahawia za mifuko na maboksi. Kinaonyesha kwamba mashine ilikuwa inaokoleka.

SHULE ILIYOCHELEWA

Sasa panga miaka hii mezani. Reli, 1976. Saruji, mwanzoni mwa miaka ya 1980. Karatasi, 1985. Je, chuo cha ufundi Mbeya kilifunguliwa lini? Mwaka 1986, kwa ushirikiano na Muungano wa Kisovieti!

Yaani mashine zilitangulia, shule ikafuata nyuma miaka kumi. Kabla ya hapo kijana wa Rungwe au Mufindi aliyetaka kuwa fundi sanifu alikwenda Dar es Salaam au Arusha, na wengi wa waliokwenda hawakurudi. Na chuo kilipoanza kuzaa matunda, viwanda vikawa vinafungwa. Wahitimu walipata vyeti wakati milango inafungwa kwa kufuli.

Kisha angalia chuo chenyewe kilivyopanda. Mwaka 2005 kikawa taasisi, MIST. Mwaka 2012 kikawa chuo kikuu, MUST. Sina ugomvi na chuo kikuu, mimi mwenyewe nina digrii. Na diploma za ufundi bado zinatolewa pale. Lakini ujumbe tunaowapa vijana unajulikana: fundi mchundo yuko chini, fundi sanifu katikati, mhandisi juu, na aliye juu zaidi ni yule ambaye hana tena sababu ya kuvaa ovaroli. Katika mashirika ya umma mhandisi hodari alipandishwa cheo akawa meneja. Zawadi ya kujua mashine ilikuwa kuondolewa kwenye mashine.

Wajapani walipita njia nyingine. Mwaka 1971 kampuni ya Nippondenso, inayotengeneza vifaa vya magari, ilitunukiwa tuzo kwa utaratibu ambao ulikuja kuenea duniani: yule anayeendesha mashine ndiye anayeisafisha, kuipaka oili na kuisikiliza. Hangoji fundi aitwe. Mtu wa zamu ndiye daktari wa kwanza.

Na hatuna haja ya kwenda mpaka Japani. Mufindi hapo hapo kuna viwanda vya chai vilivyodumu tangu ukoloni. Jani la chai likishachumwa halisubiri. Usipolisindika mapema linaharibika, na kesho wachumaji wanaleta jingine. Zile roli zenye meno zinazokata majani huisha makali, lazima zifunguliwe na kunolewa kwa ratiba, mvua inyeshe jua liwake. Hakuna mkutano wa bodi kuamua kama tunoe au tusinoe. Mashine za chai ni rahisi kuliko za karatasi, hilo nakubali, na chai ililipwa kwa fedha za kigeni, hilo nalo ni kubwa. Lakini utamaduni wa kunoa kwa ratiba unawezekana katika udongo huu huu, kwa mikono ya watu hawa hawa wa Iringa. Kwa hiyo yule wa nne kijiweni, wa "uvivu wetu", naomba akae kimya kidogo.

SASA TUNAFANYAJE?

Naandika haya kwa sababu zamu nyingine imekaribia. Mwaka 2025 Tanzania na Zambia zilisaini na kampuni ya China ya CCECC mkataba wa miaka 30 wa kuikarabati na kuiendesha TAZARA, wenye thamani ya takriban dola bilioni 1.4. Injini mpya zitakuja. Picha zitapigwa, na sisi waandishi tutakuwa mstari wa mbele na kamera zetu.

Naomba wenzangu wa kalamu, siku hiyo tusiishie kuandika idadi ya injini. Tuulize maswali ya karakanani. Fungu la spea ni kiasi gani na liko kwa fedha gani? Nani anafundishwa, wapi, na je, atafundishwa kufungua au kuendesha tu? Spea zipi zitachongwa hapa nchini? Na yule fundi atakayejua sana, atalipwa vizuri akiwa fundi, au itabidi awe meneja ili mshahara upande?

Mkataba wa miaka 30 ni maisha ya kazi ya mtu mmoja. Kijana anayeanza leo akiwa na miaka 25 atastaafu akiwa na miaka 55, siku ambayo reli inarudishwa mikononi mwetu. Kama kwa miaka yote hiyo atakuwa amebeba tu kisanduku cha spana cha mtaalamu, wajukuu zetu watakaa kijiweni kubishana upya reli iliuawa na nani.

Wazee mliofanya kazi Mgololo, Songwe, Kiwira au reli, maoni yenu nayasubiri hapa chini. Mlioshika spana mna haki ya kunikosoa kuliko mtu yeyote.

Haya, tukutane wiki ijayo. Wasalaam.